Kilima cha Ansel Tarpley

Maji hayakuingia kaunti ya Talusha kama mgeni anayebisha hodi. Tuta la mto lilipasuka kwenye kona ya Scarbro asubuhi, watu wangali wanakunywa kahawa, na waliokuwa karibu hawakupata hata nafasi ya kufungua mazizi. Ng'ombe walikufa wamefungwa. Nyumba ziling'oka na wenyewe wamo ndani, zikaelea mpaka zilipogonga miti na kupasuka kama maboksi ya sabuni. Ilipofika adhuhuri, kutoka mtoni hadi vilima vya mashariki, mashamba yote ya pamba yalikuwa ziwa moja la matope, na katika ziwa hilo kikabaki kisiwa kimoja tu. Kisiwa hicho kilikuwa mali ya Verdell Stokely.

Hakikuwa kilima cha kuumbwa na Mungu. Talusha ni nchi tambarare. Mvua ikinyesha maji hukaa papo hapo yakijiuliza yaende wapi. Kilima kile kilijengwa kwa mikono na watu wa kale, mababu wa Wachokto, wenyeji wa nchi hiyo kabla ya wazungu, kikapu cha udongo juu ya kikapu cha udongo, nao wakazika wakubwa wao humo. Baadaye serikali ikawafukuza Wachokto kwa mtutu wa bunduki hadi magharibi. Wazungu wakaleta watumwa wafyeke matete, na watumwa wakafa kwa homa, wakafukiwa popote palipochimbika. Vita vilivyokomesha utumwa vilipokwisha, Ansel Tarpley, aliyezaliwa mtumwa katika shamba la akina Crenshaw, akakinunua kile kilima na ardhi kidogo inayokizunguka. Hakuna mzungu aliyekitaka, maana plau haikuweza kupanda mteremko wake. Watu walimcheka, wakasema Ansel kanunua kaburi. Yeye akawajibu kwamba kaburini angalau mtu hafukuzwi.

Verdell alikuwa binti wa Ansel huyo. Alikuwa amevuka hamsini, mrefu, mwenye maneno machache na mikono ya mtu aliyeshika jembe tangu utotoni. Mumewe, Roscoe, alipotea mwaka mmoja mto ulipofura, wazungu walipokuja na bunduki kukusanya wanaume weusi wakainue tuta. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Mnyapara wa tajiri Crenshaw, mzungu aitwaye Coy Mabry, alimwambia Verdell kwamba Roscoe katorokea Chicago na mwanamke wa Scarbro. Verdell hakubishana naye. Lakini Roscoe alikuwa mtu ambaye hakwenda hata chooni bila kuaga.

Siku ya pili ya gharika kilima kilijaa watu hadi pembezoni. Walikuja kwa mitumbwi, kwa milango iliyong'olewa, wengine kwa kushika mikia ya farasi. Nyoka nao walikuja, na wanaume wakapokezana majembe kuwakata vichwa. Ndugu yake Verdell, Eulis, aliyepoteza vidole viwili kwenye kiwanda cha mbao, ndiye aliyesimamia kazi hiyo. Lomie, binti wa Verdell, alikaa ndani ya nyumba na mimba ya miezi minane, akigawa mkate wa mahindi vipande vidogo kama vya ushirika kanisani. Mzee Whitlow, shemasi wa kanisa lao, alizunguka na kofia mkononi akimfariji kila mmoja, mke wake Oletha akimfuata nyuma kumkumbusha akae apumzike.

Jua lilipokuwa utosini wakasikia injini.

Ilikuwa mashua, ikivuta tishari, chombo bapa cha mizigo, lililosheheni baghala wa kulimia. Baghala wa Crenshaw walijulikana kaunti nzima. Walilishwa vizuri kuliko watu waliowaendesha. Usukani ulishikwa na Tate Crenshaw, mtoto wa kaka wa Crenshaw mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyetoka chuoni mwaka ule, na bastola kiunoni. Mbele alisimama Coy Mabry na bunduki.

Mabry aliruka ukingoni, buti zikazama matopeni. Hakusalimu. Aliwaambia wanaume wote wenye nguvu wajitenge upande mmoja, watapelekwa kwenye tuta la kusini kujaza magunia ya mchanga. Wanawake, wazee na watoto washuke, watapelekwa kwenye paa la kinu cha pamba. Baghala ndio watakaokaa kilimani.

Watu walitazamana. Paa la kinu lilionekana kwa mbali, nusu yake ikiwa chini ya maji, mbao zake zikichezacheza. Hata paka hangekaa pale hadi jioni.

Verdell akatoka barazani, akashuka taratibu mpaka wakawa wanatazamana.

"Shangazi," Mabry akasema, maana wazungu wa kaunti ile hawakuwa na neno Bibi kwa mwanamke mweusi, "waambie watu wako wapishe. Wanyama wamesimama tangu jana."

"Wanyama watapata nafasi upande wa kaskazini, Bwana Mabry. Watu hawashuki."

"Mimi sikukuomba."

"Na mimi sikukualika. Hiki kilima ni cha baba yangu."

Mabry akacheka, akageuka kumtazama Tate kana kwamba anataka shahidi. "Baba yako si kalala humu humu? Basi naye tutamwomba asogee kidogo."

Eulis alikuwa nyuma ya dada yake. Alipiga hatua moja mbele, jembe likiwa begani, hakulishusha wala hakulinyanyua. Mabry hakungoja hatua ya pili. Aligeuza bunduki akamtandika kwa kitako, na kila mtu akasikia taya likivunjika, mlio mkavu kama wa tawi. Eulis alianguka akitema damu na meno.

Hapo Mzee Whitlow akajipenyeza katikati. Alikuwa ameinua mkono mmoja wazi na mwingine umeshika kofia, akisema neno. Waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba alikuwa anasema "wanangu". Huenda Tate aliona kofia akadhani ni kitu kingine. Huenda hakuona chochote. Alikuwa amesimama ndani ya mashua, amechomoa bastola, nayo ikalia. Risasi ilimwingia shemasi kooni. Mzee alikaa chini polepole kama mtu aliyechoka, akaiweka kofia yake mapajani, akafa hivyo hivyo ameketi.

Oletha akapiga yowe moja, na kilima kizima kikamwagikia ukingoni.

Mabry alifyatua mara moja, risasi ikampita bega mtu aliyekuwa mbele. Hakupata nafasi ya kufyatua tena. Majembe yale yale yaliyokuwa yakiua nyoka yalimshukia. Moja lilimvunja mtulinga, mfupa wa bega, jingine likamchana kichwani, bunduki ikamtoka. Watu waliokuwa wakimvulia kofia maisha yao yote walimpiga kwa mateke, kwa mawe, kwa vyungu. Mwanamke mmoja alimpiga kwa kiatu huku akitaja majina, jina baada ya jina, ya watu waliokufa mikononi mwake. Mabry aliteleza kwenye tope, akaviringika mteremko mzima, akatumbukia majini.

Baghala waliposikia milio walipagawa. Walikuwa wamefungwa wawili wawili kwa minyororo. Waliruka upande mmoja, tishari likalala ubavu, nao wakamwagika majini wakivutana, mmoja akimzamisha mwenzake, wakilia kwa sauti ambayo Lomie aliisema hata uzeeni kwamba ilikuwa mbaya kuliko ya watu. Tishari liliivuta mashua nayo ikapinduka. Tate aliogelea hadi ukingoni, na mikono ikamdaka kabla hajasimama. Bastola ilikuwa imekwisha kuzama.

Mabry hakwenda mbali. Chini ya maji, hatua chache kutoka ukingoni, palikuwa na ua wa seng'enge ambao Roscoe aliujenga kuzuia ng'ombe. Mkondo ulimbeba Mabry mpaka hapo, miba ya waya ikamshika suruali na koti. Kila alipojikwamua upande mmoja upande mwingine ulizidi kunasa. Maji yalimfika kidevuni, na yalikuwa bado yanapanda.

Verdell akachukua upondo mrefu wa mtumbwi, akashuka hadi maji yakamfika magotini. Akaunyoosha. Ncha yake ilisimama karibu na uso wa Mabry, umbali ambao mkono usingeweza kuufikia bila yeye kuusogeza kidogo.

"Roscoe yuko wapi?" akamuuliza.

"Vuta kwanza, mama." Sasa alikuwa mama.

"Yuko wapi?"

Mabry alimeza maji, akakohoa. "Alikataa kurudi kazini. Alisema kachoka. Sikukusudia, nilimpiga tu ili wengine waone."

"Sikuulizi kwa nini. Nakuuliza wapi."

"Ndani ya tuta. Kona ya Scarbro. Tuliweka udongo juu, kazi ikaendelea." Wimbi dogo likampita puani. "Nimekwambia. Nimekwambia ukweli, sasa vuta."

Verdell alitazama upande wa Scarbro, kule maji yalikotokea. Tuta ambalo mumewe alifukiwa ndani yake ndilo lililopasuka. Basi Roscoe hakuwa tena pale. Alikuwa katika maji haya, au katika tope litakalobaki, popote, katika kaunti nzima. Hakuhisi hasira kama alivyotazamia. Alihisi baridi ya maji miguuni, na uzito wa upondo, na akajua kwamba mikono yake imekwisha kuamua kabla yake.

Akaurudisha upondo, akaulaza begani, akapanda juu. Nyuma yake Mabry aliita, kwanza kwa matusi, kisha kwa jina lake, Verdell, Verdell, kisha kwa sauti isiyo na maneno. Hakuna aliyeshuka. Wengine waligeuza nyuso. Wengine walitazama mpaka mwisho.

Akabaki Tate. Alikuwa amekalishwa kando ya maiti ya shemasi, ameloa, meno yanagongana. Eulis alikuwa ameiokota bunduki ya Mabry. Taya limemning'inia, hawezi kusema, lakini alipomwelekezea Tate mtutu hapakuhitajika maneno. Wanaume wengi walikubaliana naye. Walisema huyu ameona kila kitu. Akifika kwa ami yake, kilima hiki kitalimwa kwa risasi. Verdell mwenyewe aliona wana haki.

Ni Oletha aliyejibu. Alikuwa amepiga magoti, anamfuta mumewe damu kwa aproni.

"Mume wangu alikuwa anakwenda kuwapatanisha," akasema. "Msimpe mwenzake wa kuzikwa naye siku moja. Mpeni huyo koleo. Achimbe."

Wakampa. Tate akachimba. Udongo wa kilima ulikuwa mgumu kwa ndani, na mikono yake ilikuwa ya kushika vitabu. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, mpini ukawa na damu, naye akaendelea kuchimba. Alipofika chini kidogo akakuta mifupa ya watu wa kale, akatazama juu kama anayeuliza. Verdell akamwambia asogee upande, awaache walale. Walimzika Mzee Whitlow jua likiwa linaelekea kuzama, Oletha akaimba peke yake.

Siku iliyofuata meli ya moshi ya msaada ilifika. Nahodha aliuliza ni nani huyo mzungu, na nini kimempata. Tate alitazama mikono yake iliyofungwa vitambaa, akasema mti ulioelea uliwagonga, mashua ikapinduka, Mabry na baghala wakazama, na watu hawa wamemwokoa. Kisha akapanda melini, hakugeuka.

Kabla hawajapanda wao kupelekwa kambini, Verdell alimwambia ndugu yake aitupe bunduki. Eulis alitikisa kichwa kukubali. Alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi mikono mitupu, na dada yake hakumfuata kuhakikisha. Huko kambini, juu ya tuta la kusini, Lomie alijifungua mtoto wa kiume ndani ya hema, chini ya ulinzi wa askari wenye bunduki ambao hawakuruhusu mtu mweusi atoke bila kibali cha mwenye shamba.

Maji yalipokauka, walimkuta Mabry bado yumo kwenye seng'enge. Mtulinga wake ulikuwa umevunjika na fuvu lina ufa. Mti unaweza kumvunja mtu hivyo, lakini Crenshaw hakuwa mjinga. Alikuja na sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, na watu wengine mchana, wakati Verdell na Eulis wanakwangua tope sakafuni. Waliigeuza nyumba juu chini. Kisha mmoja akaingiza mkono kwenye pango la mti wa pekani, nyuma, akatoa bunduki ya Mabry, imefungwa gunia, imepakwa mafuta.

Verdell alimtazama ndugu yake. Eulis alimtazama kidogo tu, kama mtu anayeomba radhi.

Walimfunga mikono, wakamuuliza kaipata wapi. Taya lake lilikuwa limeunga vibaya, maneno yalitoka kama uji. Crenshaw akamgeukia mpwa wake, maana Tate alikuwepo, amesimama kando ya gari. Alimuuliza mbele ya wote kama anajua bunduki hii ilifikaje hapa.

Uongo uliohitajika ulikuwa mdogo. Angesema niliiacha mimi. Angesema ililetwa na maji. Kule melini alidanganya pasipo mtu kumshurutisha, na haikumgharimu kitu. Sasa ami yake alikuwa anamtazama, na sherifu, na watu aliokua nao. Tate alitazama ncha za viatu vyake.

"Sijui," akasema.

Walimpiga Eulis pale pale uani, kwa minyororo ya plau, wakimtaka ataje nani mwingine. Hakuhitaji taya zima kutaja jina moja. Angeweza hata kuonyesha kwa kidole, na dada yake alikuwa umbali wa hatua chache, ameshikwa mikono na wanaume wawili, anamwita. Hakunyoosha kidole. Walipochoka walimfunga nyuma ya gari, wakamburuta hadi daraja la kijito, wakamtundika hapo. Walikataza mtu asimshushe mpaka Jumapili. Verdell alikwenda siku ile ile, mchana kweupe, na kisu cha jikoni na mkokoteni. Mlinzi wa pale alimtazama usoni, akaenda kuvuta sigara upande wa pili.

Alimzika kando ya Mzee Whitlow.

Baada ya hapo kaunti ilianza kutoboka. Kila treni iliyokwenda kaskazini iliondoka na watu wa Talusha. Walikwenda na nguo za mwilini, wakiacha majembe yamesimama kwenye mistari. Lomie alichukua mtoto akaondoka pia. Alimsihi mama yake waende wote, alilia, alikasirika, akamwambia anang'ang'ania rundo la udongo. Verdell alimkumbatia, akamwambia kwamba kama yeye naye akiondoka, basi wale wote watakuwa wamekufa bure: yule wa kwenye tuta, yule wa darajani, na Ansel.

Tate alikuja mara moja, wakati wa kuvuna. Alisimama chini ya kilima, kofia mkononi, mwembamba kama aliyeugua.

"Nimekuja kusema," alianza.

"Mahali pa kusemea palikuwa pale uani," Verdell akamwambia. "Hapa hapana mtu wa kukusikia ila mimi, na mimi najua tayari."

"Unataka nifanye nini?"

"Nenda kamwambie sherifu. Nenda kaseme nani alimpiga risasi shemasi, na nani aliyemtundika ndugu yangu."

Tate akavaa kofia, akaenda zake, na hakwenda kwa sherifu. Kabla ya Krismasi alihama kaunti.

Crenshaw alituma ujumbe wa kutaka kununua kilima, ukarudi bila jibu. Mwaka uliofuata alituma ng'ombe wake wapandishwe huko kwa nguvu. Verdell alikuwa amejipatia bunduki ya kuwindia. Aliketi barazani, akamwacha ng'ombe wa mbele afike kwenye makaburi, akampiga risasi katikati ya macho. Wachungaji wakakimbia. Alingoja waje kumchukua. Alivaa gauni la kanisani, akaketi na bunduki mapajani, akangoja usiku kucha.

Hawakuja. Asubuhi alisikia kwamba sherifu alimwambia Crenshaw kuwa mashamba yamebaki na wavunaji wachache mno, na huyu mwanamke akitundikwa, waliobaki watapanda treni ya kwanza. Si huruma iliyomwacha hai, ilikuwa pamba. Verdell aliposikia hayo alicheka, mara ya kwanza tangu gharika, kicheko kifupi kisicho na furaha. Kisha akachukua kisu, akaenda kumchuna yule ng'ombe kabla hajaharibika, akampelekea Oletha paja zima.